Simu zisizo na waya zinapogoma ofisini: dalili, chanzo na tiba

Simu ya ofisi ikigoma, wa kwanza kulaumiwa ni kile kifaa kilicho mkononi. Kitatikiswa, kitazimwa na kuwashwa, betri itatolewa na kurudishwa, na jioni mtu atashuka Luthuli Avenue kutafuta kingine. Nimefunga simu hizi katika ofisi za Nairobi, kuanzia Upper Hill hadi maghala ya Industrial Area, na zile nilizokuta kifaa chenyewe kimekufa ni chache mno. Karibu kila mara hitilafu iko njiani, na pesa za kununua kifaa kipya zimekwenda bure. Hilo linaniuma, maana ofisi nyingi ninazohudumia ni ndogo na kila shilingi ina kazi yake.

Sauti yako inapita vipande vitatu vya njia. Cha kwanza ni hewani, kutoka kwenye simu hadi kwenye kituo, yaani kile kisanduku chenye taa kilichopigiliwa ukutani. Cha pili ni waya, kutoka kituo hadi swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao) na ruta ya ofisi (kile kinachounganisha ofisi na intaneti). Cha tatu ni kutoka ruta hadi seva ya simu, yaani kompyuta inayounganisha simu zenu, iwe iko chumba cha pili au kwa kampuni inayokuuzia huduma. Usiguse chochote kabla hujajua ni kipande kipi kimekatika, na kulijua hilo kunachukua dakika tano tu.

Anza na hewa: piga kutoka simu moja hadi nyingine ya kituo kilekile kwa kutumia menyu ya kuitana ndani, ambayo kwa kawaida haitoki nje ya kituo. Mkisikizana vizuri, hewa haina neno. Halafu chukua kompyuta iliyo kwenye mtandao uleule, ufungue ukurasa wa kituo kwa anwani yake ya IP, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao, ambayo utaikuta kwenye menyu ya simu, sehemu ya hali ya kifaa. Ukurasa ukifunguka, waya ni mzima. Mwisho, soma humo kama akaunti imesajiliwa kwenye seva. Na uwe na kalamu: andika saa, nani alimpigia nani, na nini kilitokea. Fundi akija, ukurasa mmoja wa maandishi hayo utamfaa kuliko maelezo ya nusu saa.

Ninazozungumzia hapa ni simu za DECT, aina ya simu zisizo na waya zinazoongea na kituo chake zenyewe, zinazotumia masafa ya 1880 hadi 1900 MHz. Si Wi-Fi, kwa hiyo Wi-Fi ya jirani haigombani nazo, wala maikrowevu ya jikoni. Zile zinazotumia Wi-Fi nitazigusia kidogo mbele.

Simu inaandika kwamba inatafuta kituo

Sababu ninayoikuta zaidi ni mahali kituo kilipowekwa. Watu hukificha ili ukuta upendeze. Ghala moja kule Industrial Area lilikuwa na kituo ndani ya kabati la chuma la faili, mlango umefungwa kwa kufuli, na karani wa stoo alikuwa akitoka nje hadi kwenye ngazi ya lori ndipo apate simu. Tulikitoa, tukakifunga ukutani mita mbili na nusu kutoka sakafuni, na siku hiyohiyo akaanza kupokea simu akiwa mezani kwake. DECT hufika takriban mita 50 ndani ya jengo na hadi mita 300 uwanjani, lakini hesabu hiyo haijui zege lenye nondo, shimo la lifti, kuta za mabati wala vioo vilivyopakwa rangi ya kuzuia jua. Weka kituo juu, katikati ya watumiaji, mbali na chuma.

Ukitaka kuhakikisha, ipeleke simu mita mbili kutoka kituo. Ikikamata, tatizo ni umbali au kizuizi. Isipokamata hapo, angalia kama bado imeunganishwa na kituo hicho. Kuunganisha upya ni rahisi: bonyeza kitufe cha kituo mpaka taa ianze kupepesa, fungua menyu ya usajili kwenye simu, kisha uweke PIN, ambayo kwa vifaa vingi ni 0000 mpaka mtu aibadilishe. Muda wa kituo kusubiri ni mfupi, basi kaa navyo vyote viwili pamoja. Kumbuka pia kwamba kituo kina kikomo cha simu. Vile vidogo vingi hupokea kati ya 5 na 10, na inayozidi hukataliwa bila maelezo ya maana.

Kuna chanzo cha mwisho, adimu lakini chenye madhara: simu iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani. Za huko hutumia 1920 hadi 1930 MHz. Hazionani kabisa na kituo kilichotengenezwa kwa soko letu, na ukileta na kituo chake, utakuwa unarusha mawimbi ndani ya masafa ya mitandao ya 3G. Usiitumie. Chaja yake nayo, ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, itaungua kwenye soketi zetu za volti 240. Kabla ya kununua, hakikisha kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Taa za kituo haziwaki, au kituo hakipati anwani ya IP

Vituo vingi hupokea umeme kupitia kebo ya mtandao, ule mtindo wa PoE, na si kila swichi inao. Soma ubavuni mwa swichi. Kama haina, tumia adapta ya kituo chenyewe. Kama inayo na taa bado haziwaki, badilisha kebo kwanza, kisha tundu. Kebo isizidi mita 100 kutoka swichi. Swichi iliyojaa kamera na vifaa vya Wi-Fi inaweza kuwa imemaliza umeme wake. Chomoa kifaa kimoja kisicho cha lazima uone kama kituo kitaamka.

Onyo moja hapa ni kubwa. Majengo mengi ya mjini hupata intaneti kwa antena ya paani, na pale chini huwa kuna kisanduku kidogo cheusi kinachosukuma volti 24 kwenye kebo bila kuuliza. Hicho si PoE ya kawaida. Ukichomeka kituo chako humo unaweza kukiua papo hapo. Kama hujui kisanduku ni cha nini, kiache.

Taa zikiwaka lakini anwani ikawa haipo, au ikawa ya ajabu isiyofanana na za kompyuta nyingine, ulizia kama kuna mtu ameleta ruta ya nyumbani akaichomeka ukutani ili apate Wi-Fi karibu na meza yake. Ruta hiyo huanza kugawa anwani zake, na kila kifaa kinachowaka kinabahatisha. Ing'oe, kisha uzime na kuwasha kituo. Pia kagua kama kuna kebo iliyochomekwa ncha zote mbili ukutani. Mtu anafanya usafi, anaona ncha inaning'inia, anairudisha mahali pa karibu, na ofisi nzima inalala. Kama ofisi yenu imetenga mtandao wa sauti kwa VLAN, yaani mgawanyo wa mtandao unaopangwa ndani ya swichi, tundu la kituo lazima liwe ndani yake, na hiyo ni kazi ya anayesimamia swichi.

Simama umwite fundi wa umeme ukinusa harufu ya kuungua, ukiona soketi imebadilika rangi, au stima ikirudi kwa nguvu na vifaa kadhaa vikafa pamoja. Usifungue adapta. Na kama kebo ya mtandao imevutwa kwa nje kutoka jengo moja hadi jingine, usisubiri radi za Machi au Aprili: mwite fundi akuwekee faiba, kwa sababu waya wa shaba huleta radi hadi kwenye swichi.

Kituo kiko hewani lakini akaunti haijasajiliwa

Hapa chanzo namba moja ni nenosiri. Liandike upya kwa kunakili kutoka barua pepe ya mtoa huduma, usiliandike kwa macho. Sifuri na herufi O zimepotezea watu siku nzima. Hakikisha jina la akaunti, jina la seva na namba ya mlango wa SIP (kanuni ambazo simu na seva hutumia kuitana), ambayo kwa kawaida ni 5060, au 5061 kwa muunganisho uliofichwa.

Usijaribujaribu nenosiri mara ishirini. Seva nyingi zikiona majaribio mabaya mfululizo hufungia anwani yote ya ofisi, na hapo simu zote zinazima kwa pamoja hata zilizokuwa salama. Ikitokea hivyo, piga kwa mtoa huduma uwape anwani yenu ya nje ya IP wafungulie.

Jambo linalosahaulika ni saa ya kituo. Ikiwa kituo kinaamini tuko mwaka 2000, muunganisho uliofichwa utakataa cheti cha seva. Weka seva ya saa na majira ya UTC+3.

Unamsikia, yeye hakusikii, au kinyume chake

Simu hii imeita, imepokelewa, kila kitu kinaonekana sawa, na mtu mmoja anazungumza peke yake. Ni dalili inayochosha watu kuliko zote, na inatoka mahali pamoja karibu kila mara: ruta.

Kuita na kusema ni safari mbili tofauti. Ujumbe wa kuita unapitia SIP. Sauti inapitia milango mingine kabisa, inayokubaliwa simu ikianza. Kituo chako kina anwani ya ndani, tuseme inaanza na 192.168, na kikimwambia mwenzake "niletee sauti hapa" kwa anwani hiyo, sauti inatumwa kwenye nyumba ambayo kutoka nje haipo. Ruta nzuri na seva nzuri hurekebisha hilo zenyewe. Shida huanza ruta inapojaribu kusaidia kupita kiasi kwa kipengele kiitwacho SIP ALG, ambacho hubadilisha anwani ndani ya ujumbe na mara nyingi huzibadilisha vibaya.

Kwa hiyo, kwanza zima SIP ALG, uwashe ruta upya, ujaribu. Kwa uzoefu wangu hiyo peke yake humaliza kesi nyingi. Bado? Kwenye kituo, weka seva ya STUN aliyokupa mtoa huduma ili kituo kijue anwani yake ya nje. Bado? Faiawoli ya ofisi, yaani mlinzi wa mtandao, inaweza kuwa imeruhusu 5060 na kuzuia milango ya sauti. Muulize mtoa huduma anatumia milango kuanzia ipi hadi ipi, umpe orodha anayesimamia faiawoli. Usifungue milango yote ya ruta ili tu kuona itakuwaje. Mwisho wa makala utaona kwa nini.

Simu inakatika baada ya nusu dakika

Katika ofisi moja Westlands, dada wa mapokezi aliniambia, "Fundi, mimi nikifika kwenye nambari ya akaunti tu, inakata." Salamu, jina la mteja, shida yake, na akianza kusoma tarakimu, kimya. Walikuwa wamebadilisha simu mbili tayari. Nilikaa kando ya meza yake nikitazama saa ya ukutani. Simu ya kwanza: sekunde 32 tangu kupokelewa. Ya pili, 32. Ya tatu, 32. Mawimbi mabovu hayana saa. Kitu kinachokata kwa sekunde ileile kila mara ni utaratibu unaofuatwa.

Utaratibu wenyewe ni huu: simu ikipokelewa, upande uliopokea hutuma ujumbe wa "nimepokea" na kusubiri uthibitisho. Usipofika, unarudia, unarudia tena, na kwa kanuni za SIP zikitimia sekunde 32 unakata. Wakati huo wote sauti inaweza kuwa inapita safi, ndiyo maana watu hawaamini kwamba kuna ujumbe uliopotea. Mwizi ni yuleyule wa juu: SIP ALG, au anwani ya ndani iliyovuja nje. Pale Westlands niliizima SIP ALG kwenye ruta, na dada yule akasoma nambari ya akaunti mpaka mwisho, kisha akaisoma tena.

Ikikatika kwa dakika 15 au 30 kamili, hicho ni kipima muda cha mazungumzo. Mwachie mtoa huduma.

Unapiga vizuri lakini hupigiki

Angalia kwanza kama mtu amewasha kitufe cha kutosumbuliwa au amehamisha simu ziende kwingine. Ndiyo, kila fundi huanza hapo. Pili, ruta husahau njia ya kurudi kwa kituo chako ikikaa kimya dakika chache, wakati mwingine hata sekunde 30. Utaijua kwa hili: ukitoka tu kupiga, unapigika, baada ya muda, hupigiki. Washa kwenye kituo huduma ya kutuma ujumbe mdogo kila sekunde 20 au 30 ili njia ibaki wazi.

Sauti inakatakata au inasikika kama ya roboti

Gawanya kwanza: kuitana ndani kukiwa safi, hewa si shida. Baki na intaneti. Simu moja kwa G.711, mfumo wa kawaida wa kugeuza sauti kuwa data, hutumia karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu kumi hazifiki hata megabiti moja. Intaneti yenu ina nafasi hiyo. Tatizo ni foleni: mhasibu anapandisha nakala za hifadhi saa nne asubuhi, kamera zinatuma video nje, na pakiti za sauti, yaani vipande vidogo vya data, zinangoja nyuma yao. Zima kazi hizo kwa dakika kumi ujaribu tena. Zikiwa ndizo, zipeleke usiku, au umwombe msimamizi wa mtandao aipe sauti kipaumbele kwenye ruta.

Ikiwa mnasemeana juu kwa juu, kila mmoja akianza kabla ya mwenzake kumaliza, huo ni ucheleweshaji. Ukipita milisekunde 150 kwa upande mmoja watu huanza kuuhisi. Seva iliyoko Ulaya hulazimisha sauti kushuka Mombasa na kuvuka bahari kwenda na kurudi hata unapompigia mtu wa Parklands. Muulize mtoa huduma kama ana seva ya karibu.

Kwa simu za Wi-Fi, hapa ndipo huumia zaidi. Ziweke kwenye 5 GHz kama zinaweza. Kama ni lazima 2.4 GHz, tumia chaneli 1, 6 au 11 tu.

Inakatika ukitembea

Umeongeza kituo cha pili ili ghorofa ya juu ipate mawimbi, na simu bado zinakatika kwenye ngazi. Vituo viwili vya kawaida havipokezani simu iliyo hewani, hata vikiwa vya aina moja. Unahitaji mfumo uliotengenezwa kwa vituo vingi, na vituo hivyo lazima visikizane vyenyewe hewani. Kupima mahali pa kuviweka ni kazi ya mtaalamu mwenye kifaa cha kupimia; nimeona ofisi zikitoboa kuta nne kwa kukisia.

Nambari fulani hazipigiki

Kama zinazokataa ni za 01, mpango wa kupiga, yaani orodha ya nambari ambazo seva inaziruhusu, ni wa zamani. Nambari za rununu zinazoanza na 01 zilikuja mwaka 2019, na mifumo iliyopangwa kabla ya hapo inajua 07 na 020 tu. Mpelekee anayesimamia seva aongeze. Nyingine zinataka 254 badala ya sifuri, au tarakimu ya kutokea nje. Ukiwa na msimamizi, thibitishaneni kwamba 999 na 112 zinatoka, kwa kusoma mpangilio, si kwa kupiga. Na mjue kwamba stima ikipotea, kituo, swichi na ruta vyote huzima. Bila UPS, yaani betri ya akiba, simu hizo hazitamwita mtu yeyote.

Betri haidumu

Futa vile vyuma vya kuchajia kwa kitambaa kikavu kabla ya kununua chochote. Simu inayokaa mbali na kituo hula betri kwa sababu inatafuta bila kupumzika. Ukibadilisha, weka betri za kuchaji za aina iliyoandikwa ndani, za kawaida zikiwa NiMH za volti 1.2. Kamwe usiweke betri za kawaida za dukani kisha ukarudisha simu kwenye chaja. Zinaweza kuvuja au kupasuka. Betri ya lithiamu iliyovimba usiibonyeze wala kuichaji. Itoe kama inatoka kwa urahisi, iweke mbali na vitu vya kushika moto, umpe anayekusanya taka za elektroniki.

Simu zinaita usiku na hakuna mtu

Zinaita saa nane usiku, nambari ni fupi, kama 100 au 1000, ukipokea ni kimya. Hakuna mtu aliyepiga. Ni programu zinazozunguka kwenye intaneti zikigonga kila mlango wa 5060 ulio wazi. Ziba mlango huo kwenye ruta, kisha uweke kituo kikubali ujumbe kutoka seva yenu peke yake. Badilisha pia nenosiri la ukurasa wa kituo, kwa maana mengi bado ni lile lililotoka kiwandani.

Lakini ukikuta kwenye orodha simu za kwenda nchi ambazo hamna biashara nazo, hasa za usiku au wikendi, acha kila kitu. Mtu ameingia kwenye akaunti yenu na kila dakika inalipishwa kwenu. Piga kwa mtoa huduma saa hiyohiyo azuie simu za kimataifa, chomoa kituo, na usifute orodha ya simu, kwa sababu ndiyo ushahidi mtakaohitaji kubishania ile bili.